Kirangozi Hapitwi

Wiki moja kabla ya safari nilikwenda kumuaga mama nyumbani kwake, nje kidogo ya mji wa Tabora, njia ya kwendea Kwihara. Ana miaka 81 na kumbukumbu zake zingali nzima. Nikamweleza kwamba tunakwenda kupanda Kilimanjaro, siku sita, mimi na mdogo wangu wa kiume pamoja na wauguzi wenzangu wawili. Nilidhani ataniuliza habari za baridi, au za pesa. Yeye akauliza, "Nani atatangulia?"

Nikamwambia kuna kijana wa kule kule, mwongoza watalii mwenye leseni, amepanda mlima ule miaka mingi. Mama akaridhika. "Basi usimpite," akasema. "Kirangozi hapitwi."

Neno hilo alilirithi kwa babu yake. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, babu huyo alikuwa mpagazi, kama walivyokuwa vijana wengi wa Kinyamwezi wa enzi zile. Walibeba mizigo hadi Bagamoyo na kurudi, zaidi ya kilomita 700 kwenda tu, kila mtu na mzigo wake wa frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee. Mbele ya msafara alitembea kirangozi. Yeye ndiye aliyejua njia, maji yalipo na mahali pa kulala, na aliyethubutu kumpita alitozwa faini. Nimekua nikiyasikia hayo jioni, tukimenya karanga. Sikuwahi kufikiri kwamba yatakuja kunihusu nikiwa na miaka 52.

Tabora ni tambarare. Mji wenyewe uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini mahali pa kupandia hakuna, ukitaka mwinuko uutafute. Kwa miezi mitatu niliamka alfajiri nikatembea hadi Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, kisha nikarudi kuoga na kwenda zamu. Jumamosi tulikwenda mpaka Bwawa la Igombe. Jioni nyingine tulipanda na kushuka ngazi za jukwaa la Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, begi mgongoni limejaa chupa za maji. Miguu ilikomaa, na nawashauri wote wanaojiandaa wafanye hivyo hivyo, na viatu wavinunue mapema wavizoee. Koti zito na mfuko wa kulalia tulikodi Moshi, hakuna haja ya kuvinunua.

Ila hewa huwezi kuifanyia mazoezi Tabora. Watu hudhani kule juu oksijeni imeisha. Fungu lake ni lile lile, asilimia 21 ya hewa, huku chini na kule kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inaingiza kidogo. Kileleni, mita 5,895, unapata kama nusu ya unachopata ukiwa pwani. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku. Ndiyo maana tulichagua siku sita badala ya tano, japo gharama iliongezeka, na mpaka leo naiona siku ile moja kuwa pesa bora kuliko zote tulizotoa.

Tulipanda basi usiku bado, tukapita Nzega, Igunga, Singida. Katesh tuliuona Hanang umesimama peke yake, mdogo wangu akasema kama huu ni mkubwa hivi, je ule? Tukaingia Moshi usiku, tumevimba miguu.

Njia yetu ilikuwa ya Marangu, kwa sababu ni hiyo tu yenye mabanda ya kulala. Njia nyingine zote ni mahema. Getini kuna mizani. Kila furushi linapimwa, uzito unasomwa kwa sauti na kuandikwa, na kikomo ni kilo 20 kwa mbebaji mmoja. Wabebaji wenyewe hujiita wagumu. Sisi tulikuwa wanne, na waliotuhudumia walikuwa kumi na watatu: kiongozi, wasaidizi wake wawili, mpishi, na wagumu tisa. Niliwahesabu mara mbili. Nilikuwa nimejiandaa miezi mitatu nikijiona naenda kupanda mlima, na pale getini nikaona wazi kwamba napandishwa.

Aliyepewa begi langu alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akatoa mfukoni kipande cha kitenge kilichochakaa, akakikunja kwa urefu, akakisokota, akakizungusha kwenye vidole vinne vya mkono wa kushoto mpaka kikawa duara, kisha ile ncha iliyobaki akaipitisha kati na kuikaza kwa kidole gumba. Akakiweka utosini, akachuchumaa, wenzake wakamtwisha. Ilikuwa ngata. Ile ile bibi yangu aliyonifundisha kusokota nikiwa na miaka sita, nilipopewa kindoo changu cha kwanza cha kwenda kisimani. Hata kule kuipiga piga kwa kiganja kabla ya kuiweka kichwani kulikuwa kule kule. Sikuweza kusema kitu. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye kona ya msitu, shingo imenyooka, anakwenda mbio kuliko sisi tuliokuwa na vibegi vya maji.

Siku ya kwanza ni msitu, ukungu, mbega weusi kwa weupe wakiruka juu, na njia nzuri isiyochosha. Baada ya mwendo wa saa nne hivi tukafika Mandara, mita 2,720. Mabanda ni ya mbao, paa limeshuka mpaka karibu na ardhi, mnalala wanne. Kiongozi alitueleza kwamba Mandara ni jina lingine la Mangi Rindi, yaani chifu Rindi, wa Moshi, na Horombo tutakakolala kesho ni jina la mangi wa Rombo. Nilifurahi kulijua hilo. Nilikuwa nimeyasikia majina haya kama vituo tu.

Makosa yangu yalianza siku ya pili.

Ukitoka msituni jua linakuwa kali na upepo baridi kwa wakati mmoja. Kiongozi alikwenda hatua ndogo ndogo, mguu mmoja karibu uguse mwingine. "Pole pole," alirudia, na mimi niliyezoea kwenda Kwihara na kurudi kabla ya saa moja na nusu nikaona tunacheleweshwa. Kuna kundi la vijana wa nje walitupita wakicheka. Nikatoka kwenye mstari nikawafuata. Nilikwenda kama nusu saa hivi mbele ya wenzangu, najisikia vizuri kabisa, nikakaa juu ya jiwe nikawasubiri. Kiongozi alipofika hakunigombeza. Akasimama, akafungua chupa yake, akanipa maji, akasema kwa adabu, "Mama, naomba uwe unakaa nyuma yangu." Maneno ya mama yangu yakanirudia yote, na nikaona aibu mbele ya kijana yule.

Tulifika Horombo, mita 3,720, saa kumi jioni. Mara tu nilipokaa kichwa kikaanza kugonga nyuma ya macho. Chakula kikaletwa, ndizi na nyama na supu ya moto ya maboga, na harufu tu ikanigeuza tumbo. Mimi ni muuguzi. Miaka 27 nimekuwa nikiwaambia wagonjwa wasifiche maumivu, waseme mapema. Nilijua kabisa kinachonipata: kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, hizo ni dalili za mwanzo za ugonjwa wa mwinuko. Nilikuwa hata na kile kipimo cha kubana kidole cha kupima oksijeni, na usiku nilikiwasha ndani ya mfuko wa kulalia ili mwanga wake usionekane. Kilisoma asilimia 83, kiwango cha chini. Nikakizima. Nikameza panadoli mbili nikanyamaza.

Kwa nini nilinyamaza? Nimejiuliza sana. Mdogo wangu ndiye aliyelipa sehemu kubwa ya safari, ilikuwa zawadi yake kwangu. Niliogopa kumwangusha. Niliogopa pia kuambiwa nimezeeka. Na kuna kitu kingine kigumu kukikiri: niliogopa kwamba kijana wa miaka 30 na kitu ataniambia mimi, mtu wa kazi ile, kwamba sijui mwili wangu. Tangu nirudi nimewaelewa upya wagonjwa wanaoficha. Zamani niliwaona wakaidi. Sasa naanza kwa kuwauliza wanamwogopa nani.

Asubuhi kiongozi alipita mezani, akatazama sahani yangu. "Mama, hujala tangu jana."

Hayo tu. Akakaa, akasubiri. Nikamwambia yote, mpaka ile 83 ya usiku. Akatoa kipimo chake mwenyewe akapima tena, akauliza nimekunywa maji kiasi gani, nikasema lita moja na nusu, akasema kwa mwinuko huu tunataka lita tatu au nne. Hakunitisha. Alinieleza kwamba kwa dalili hizo hatupandi kwenda kulala juu zaidi mpaka zipungue, na zikizidi tunashuka hata kama ni saa nane za usiku. Bahati yangu siku ile ya tatu ilikuwa ndiyo siku ya ziada. Walitupeleka taratibu hadi Mawe ya Pundamilia, mwamba wenye mistari myeusi na myeupe, juu ya mita 4,000 kidogo, kisha tukarudi kulala pale pale Horombo. Kupanda juu na kulala chini ndiko kunakoufundisha mwili. Njiani kulikuwa na ile mimea mikubwa ya senesio, mashina manene yamevaa majani makavu kama makoti, nikawa naigusa mmoja mmoja. Nililazimishwa kunywa na kula kidogo kidogo. Jioni kichwa kiliachia. Tungekuwa wa siku tano, siku ile ningekuwa Kibo, kituo cha mwisho cha kulala, na kichwa changu, na ninaogopa kufikiri.

Njia ya siku ya nne imekauka kabisa. Ukipita maji ya mwisho hakuna tena kijito, na uwanda ule kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo ni mchanga na mawe na upepo. Hapo ndipo nilipoelewa madumu. Kituoni Kibo hakuna maji. Kila tone tulilopikiwa uji, tulilonawia, nililotumbukizia kifuko changu cha chai, lilibebwa na mtu kutoka huku chini. Niliona wagumu wakipita na dumu la lita 20 juu ya ngata, wanapumua kwa mdomo, na bado wanasalimia. Nilipofika Kibo, mita 4,700 na kidogo, nilikunywa chai yangu mpaka tone la mwisho.

Pale niliona pia machela ya gurudumu moja, ya chuma, imeegemezwa ukutani. Ndiyo wanayoshushia mtu aliyezidiwa, mmoja mbele, wengine pembeni na nyuma, wanakimbia naye. Waliozidiwa hivyo mara nyingi ni maji yamejaa kwenye mapafu au ubongo umevimba. Dawa kuu ya yote mawili ni kushuka.

Tuliamshwa saa tano usiku. Nilivaa suruali tatu. Mstari wa taa za vichwani ulipanda mbele yetu gizani, nikajikataza kuutazama. Nilitazama visigino vya kiongozi. Kokoto zinarudi nyuma, unapiga hatua moja unapoteza nusu yake. Maji ya kunywa yaliganda kwenye mrija. Tulipita pango la Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu hutajwa kuwa miongoni mwa waliowaonyesha njia. Kiongozi alilitaja jina la Lauwo kwa sauti ya mtu anayemtaja babu. Mmoja wa wauguzi wenzangu aliishia hapo, akasema mwenyewe, "Mimi inatosha," akashuka na msaidizi mmoja akiwa mzima. Nilimwonea wivu kwa jinsi alivyolisema bila kusita.

Jua lilitoka nyuma ya Mawenzi tulipokuwa kwenye mawe ya mwisho. Saa kumi na mbili na nusu nikafika Gilman's Point, mita 5,685, ukingo wa kasoko. Nilikaa. Nikatapika. Nilipoinuka dunia ilikwenda upande wa kushoto nami nikaifuata. Kiongozi akachora mstari kwenye mchanga kwa fimbo yake, kama mita tatu, akaniambia nitembee juu yake, kisigino kiguse kidole. Nimewahi kuwapima watu hivyo wodini. Nilijua maana yake kabla sijainua mguu. Hatua ya kwanza ilikaa. Ya pili ilikaa. Ya tatu mguu ukaenda nje ya mstari, ya nne pia.

Akanishika bega. "Mama, sisi tunaishia hapa."

Kileleni kulibaki mwendo wa saa mbili hivi. Kilikuwa kinaonekana. Nilitaka kumbembeleza, na maneno yalikuwa tayari mdomoni, kwamba nipumzike dakika kumi tu, kwamba nimetoka Tabora. Mdogo wangu alikuwa ananitazama, machozi yanaganda kwenye ndevu. Nikamwambia, "Nenda baba, ukatupigie picha." Kisha nikageuka nikamfuata msaidizi kushuka. Kati ya yote niliyofanya mlimani, hilo ndilo ninalojivunia.

Kushuka kwenye kokoto ni kama kuteleza kwenye lundo la mchele. Kila mita mia kichwa kilikuwa chepesi zaidi. Nusu ya njia nikaona mtu anapanda kwa haraka kutuelekea, bila mzigo, chupa ya chai mkononi. Ni yule kijana wa begi langu. Hakuna aliyemtuma. Aliona watu wamegeuka mapema, akasema kimoyomoyo, "Huenda ni mama yangu." Chai ilikuwa ya tangawizi na sukari nyingi. Alinishikia kikombe kwa sababu vidole vyangu havikuwa vinakunja. Halafu akachukua kibegi changu, akapita mbele, akaanza kushuka kwa hatua ndogo ndogo, nami nikaweka macho kwenye visigino vyake.

Mdogo wangu alifika kilele cha Uhuru saa tatu asubuhi na ushee. Picha yake ninayo: amesimama kando ya kibao, pale Alexander Nyirenda aliposimika bendera na mwenge tulipopata uhuru Desemba 1961. Nyuma yake kuna ukuta wa barafu, mwembamba kuliko nilivyoutarajia. Kuanzia mwaka 1912 hadi 2011 barafu ya mlima ule imepungua kwa kama asilimia 85. Mwaka 1912 ni ule ule reli ilipofika kwetu. Babu yake mama akiwa anatua mzigo wake wa mwisho, Kibo ilikuwa bado imejitanda nguo nyeupe pana.

Kuhusu bahashishi nitasema neno moja. Mkabidhi kila mtu chake mkononi, mbele ya wote, kiasi kikiwa kimetajwa. Tulifanya hivyo asubuhi ya mwisho Horombo, na nyuso za wale vijana zilinitosha kujua si kila kundi linafanya hivyo. Nguo za joto pia tuliwaachia. Kuna aliyekuwa anapanda mita 4,700 na viatu vya raba vilivyochanika kisigino.

Niliporudi Tabora nilikwenda kwa mama kabla hata sijafua nguo. Nikamwonyesha cheti changu cha Gilman's Point, akakishika kwa adabu, akakirudisha. "Kirangozi hukumpita?"

"Nilimpita siku ya pili. Baadaye nikarudi nyuma."

Akaguna. "Na mzigo wako, nani alibeba?"

Nikamsimulia habari za yule kijana, kitenge, vidole vinne, ncha iliyopitishwa kati. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia nimpigie simu. Nikampigia, nikaweka sauti ya juu. Mama akamuuliza kama kule wanapewa chakula cha kutosha, akamuuliza kama kifua kinamuuma usiku, akamuuliza ngata yake ni ya nguo gani. Kijana alijibu yote, "Ndiyo bibi," "Hapana bibi," "Ni kitenge cha mama, bibi." Mwishoni mama akamwambia, "Wabeja, mwana."

Akauliza hiyo ni nini. Nikamwambia ni asante ya kwetu.

"Kwetu tunasema aika," akasema. "Aika, bibi."

Mama alinitaka nifungashe asali lita tano, ile nyeusi ya Sikonge, nimpelekee kwa basi. Alikaza mfuniko mwenyewe, akafunga dumu kwa nailoni mara tatu. Ilifika Jumanne. Kijana alinipigia kunijulisha ameipata, ila hakuweza kukaa kwenye simu sana, walikuwa wanapanga mizigo ya kundi la Alhamisi.